Tutapita Dhiki Kuu au Hatutapita? Mitazamo Minne ya Kurudi kwa Bwana

SOMO LA WIKI
Soma kwanza: 1 Wathesalonike 4:13–5:11, 2 Wathesalonike 2:1–12, Mathayo 24, Ufunuo 20:1–10



Tangu tuanze kitabu cha Ufunuo katika ushirika wa Jumatano, kuna swali moja ambalo halitulii. Ndugu mmoja aliyehamia hapa Magogoni kutoka kanisa lingine alisema kwamba kule alikolelewa wanafundishwa kanisa litapita katika dhiki kuu. Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, kama ni hivyo, watoto wangu je?" Tangu siku hiyo nasimamishwa stejini, nasimamishwa dukani, naulizwa lile lile. Wengine wameanza hata kuitana "wa kabla" na "wa baada", kama timu za mpira. Nimeombwa niandike, na naandika ili kila mtu akae na Biblia yake nyumbani apime mwenyewe.

Na nawaambia mapema, hili si jambo la wasomi tu kubishana. Sisi watu wa Pwani tumeona kwa macho yetu mafundisho ya siku za mwisho yanavyoweza kumpeleka mtu kaburini pamoja na watoto wake. Nitafika huko.

1. TUNAPOKUBALIANA

Mitazamo yote minne nitakayoieleza ni ya watu wa nyumba moja. Wote wanaamini Yesu atarudi mwenyewe, kwa mwili, aonekane. Wote wanaamini atarudi kabla ya ile miaka elfu ya Ufunuo 20, kwamba yeye ndiye atakayeuleta ufalme huo, wala si sisi tutakaoujenga halafu tumkaribishe. Wote wanaamini wafu watafufuka, Mpinga Kristo atatokea, na walio hai katika Kristo watanyakuliwa kumlaki hewani kama 1 Wathesalonike 4 inavyosema.

Wako Wakristo wengine wanaoichukua miaka elfu kama mfano wa wakati huu wa kanisa. Wengi wanamfuata Augustino wa Hipo, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Algeria. Hao nawaacha kwa somo lingine.

Basi ugomvi uko wapi? Uko kwenye saa tu. Ukisoma Danieli 9:24–27 utaona juma la mwisho, ambalo walimu wengi wa mkondo huu wanalihesabu kuwa miaka saba. Katikati yake agano linavunjwa. Ndiyo maana Danieli na Ufunuo wanarudia miezi 42, siku 1,260, au wakati, nyakati na nusu wakati: zote ni miaka mitatu na nusu. Swali ni hili: katika miaka hiyo saba, kanisa linanyakuliwa lini?

2. MITAZAMO MINNE

Kabla ya dhiki

Huu ndio wengi wetu tuliolelewa nao. Bwana anakuja kwanza kulichukua kanisa, kisha dhiki inaanza, na baada ya miaka saba anarudi pamoja na watakatifu wake kutawala. Nguzo zake ni hizi: 1 Wathesalonike 1:10 na 5:9, kwamba hatukuwekewa ghadhabu, Ufunuo 3:10, ahadi kwa Filadelfia kwamba watalindwa na saa ya kujaribiwa, na Yohana 14:1–3, Bwana anakwenda kutuandalia makao kisha anakuja kutuchukua. Tena, neno "kanisa" limejaa katika Ufunuo sura ya 1 hadi 3, halafu halionekani tena wakati dhiki inaelezwa, mpaka sura ya 22.

Uzuri wake ni kwamba unamfanya mtu akae tayari leo. Hakuna ishara anayoisubiri kwanza.

Lakini tuwe wakweli. Hakuna mstari mmoja unaosema waziwazi "kanisa litanyakuliwa miaka saba kabla". Fundisho hili limejengwa kwa kuunganisha maandiko. Na ile lugha ya kulindwa katika Ufunuo 3:10, kwa Kigiriki, inalingana na ile ya Yohana 17:15, ambapo Yesu anaomba wanafunzi walindwe na yule mwovu bila kuondolewa ulimwenguni. Kihistoria pia, mpangilio huu ulienezwa na John Nelson Darby katika miaka ya 1830, ukabebwa mbali na Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909, na ukapendwa sana na wahubiri wa Kipentekoste. Fundisho kuchelewa kuelezwa si lazima liwe la uongo. Lakini mtu asije akasema ndilo pekee ambalo kanisa limewahi kulijua.

Katikati ya dhiki

Hapa kanisa linapita miaka mitatu na nusu ya kwanza, kisha linanyakuliwa kabla mambo hayajawa mabaya kabisa. Wanashika 1 Wakorintho 15:52, ambapo Paulo anataja parapanda ya mwisho, wanailinganisha na parapanda ya saba ya Ufunuo 11:15. Wanaonyesha pia kwamba mashahidi wawili wa sura hiyo wanaitwa wapande mbinguni baada ya siku zao 1,260.

Swali lao gumu ni hili. Paulo aliwaandikia Wakorintho miaka mingi kabla Yohana hajaandika Ufunuo, kwa jinsi wasomi wengi wanavyohesabu. Je, Wakorintho wangejuaje kwamba anazungumzia parapanda saba ambazo zilikuwa hazijaandikwa?

Kabla ya ghadhabu

Mtazamo huu ndio mdogo kwa umri. Ulijulikana zaidi kupitia kitabu cha Marvin Rosenthal cha mwaka 1990. Wanatofautisha dhiki na ghadhabu. Dhiki ni hasira ya Shetani na ya wanadamu juu ya watakatifu; ghadhabu ni hukumu ya Mungu juu ya waovu. Kanisa linaonja ya kwanza, halionji ya pili. Wanasoma Ufunuo 6:12–17, muhuri wa sita, jua linakuwa jeusi na watu wanalia kwamba siku ya ghadhabu imefika, wanaliweka pamoja na Yoeli 2:31. Kwao unyakuo uko hapo, ndani ya nusu ya pili, siku zikiwa zimefupishwa kama Mathayo 24:22 inavyosema.

Swali lao: mihuri yote inafunguliwa na Mwana-Kondoo. Sasa utasemaje mitano ya kwanza si mkono wa Mungu?

Baada ya dhiki

Huu ndio unaofanana zaidi na walivyosema baadhi ya walimu wa karne ya pili kama Yustino Shahidi na Irenei wa Lyon. Walingojea Mpinga Kristo, kisha Bwana, kisha ufalme. Karne iliyopita George Eldon Ladd aliutetea katika kitabu chake cha mwaka 1956. Wanasoma Mathayo 24:29–31 kama ilivyo: baada ya dhiki, ndipo malaika wanawakusanya wateule. Wanasoma 2 Wathesalonike 2:1–3: kukusanyika kwetu kwake hakuji kabla ya ule ukengeufu na kufunuliwa kwa mtu wa kuasi.

Wana hoja moja ambayo mimi huipenda. Neno la Kigiriki apantesis, la kumlaki Bwana katika 1 Wathesalonike 4:17, ndilo lililotumika Matendo 28:15, ndugu wa Rumi walipotoka kwenda kumpokea Paulo njiani. Hawakumlaki wakahamia kule alikotoka. Walimlaki wakaingia naye mjini. Ni kama sisi tunapokwenda uwanja wa ndege kumpokea mgeni wa kanisa. Tunatoka, tunaimba, tunampa maua, halafu msafara mzima unarudi naye Kisauni.

Swali lao: kama waamini wote wamebadilishwa miili siku ile ile Bwana anapoingia kutawala, na waovu wamehukumiwa, ni akina nani wanaoingia katika miaka elfu wakiwa na miili hii, wanazaa, na mwishowe baadhi yao wanadanganywa na Shetani katika Ufunuo 20:8? Majibu yapo, lakini si mepesi.

Nikiulizwa mimi nasimama wapi, nasimama pale kanisa letu linapofundisha: unyakuo kabla ya dhiki. Naona 1 Wathesalonike 5:9 ina uzito, na naona tofauti kati ya kanisa na Israeli katika Danieli 9 haipuuziki. Lakini nasimama hapo nikimheshimu ndugu anayesimama kwingine, kwa sababu naye anasimama juu ya Maandiko. Hilo si jambo la kumnyima mtu meza ya Bwana.

3. WALIOPIGA HESABU

Mitazamo yote minne inakutana kwenye Mathayo 24:36 na Matendo 1:7. Siku na saa hatukupewa. Na bado watu hawaachi kuhesabu.

Kule Württemberg, Ujerumani, mwalimu mkubwa wa Biblia Johann Albrecht Bengel alikuwa amepiga hesabu zake akafika mwaka 1836. Mwaka huo ukapita. Kule Marekani William Miller na wenzake waliingoja tarehe 22 Oktoba 1844. Maelfu walikesha. Kukapambazuka kama siku nyingine, na wengi walivunjika moyo.

Sasa angalia kilichokuwa kikitendeka hapa kwetu mwaka huo huo wa 1844. Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg hiyo hiyo ya Bengel, alifika Mombasa. Mwezi wa Julai alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga upande huu wetu wa bara, kule Nyali. Mtu aliyefiwa hivyo angeweza kusema dunia yake imekwisha. Yeye mwaka huo huo alikuwa ameanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, na mwaka 1846, pamoja na Johannes Rebmann, akafungua misheni Rabai. Wengine walihesabu siku. Huyu alizitumia. Nikiulizwa kumngojea Bwana ni kufanyaje, namwelekeza mtu kwenye makaburi yale.

Tena sisi wa Kisauni tuna kengele yetu pale Kengeleni. Frere Town ilipoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, kengele hiyo, kama inavyosimuliwa, ilipigwa kuwaonya watu hatari inapokuja. Hebu fikiria ingepigwa kila wiki bila sababu. Mwezi mmoja tu hakuna ambaye angeinua kichwa. Hivyo ndivyo anavyofanya mhubiri anayetaja tarehe, au anayeona alama ya mnyama katika kila kitambulisho kipya na kila chanjo. Anawachosha watu masikio, na siku parapanda yenyewe italia watakuwa wamelala.

4. KANUNGU NA SHAKAHOLA

Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Viongozi wa kundi hilo walikuwa wamewaambia kwamba dunia ingekwisha mwaka 2000 ukiingia. Haikuisha. Wengi walikuwa wameshauza mali zao.

Halafu ikaja zamu yetu. Aprili 2023 polisi waliingia msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, wakaanza kufukua makaburi. Miili iliyotolewa ilizidi 400. Uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa, na wengine, wakiwemo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kukosa hewa. Mhubiri Paul Mackenzie anatuhumiwa kuwaambia wafuasi wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Amekana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Lakini kaburi la mtoto halikanushwi.

Wapendwa, nataka mshike jambo moja hapa, mlishike kwa mikono miwili. Rudi juu usome tena ile mitazamo minne. Inatofautiana kwa saa, lakini katika yote minne Bwana ndiye anayekuja. Yeye anashuka, yeye anaita, yeye anafufua, yeye ananyakua. Hakuna hata mmoja ambao mwanadamu anaambiwa amfuate mbinguni kwa kujinyima chakula, wala ampeleke mtoto wake. Mtu akikuambia kuna kitu cha kuufanyia mwili wako ili uharakishe kumwona Yesu, huyo hana mtazamo wa tano. Ametoka nje ya nyumba kabisa.

Kwa hiyo kabla hujamfuata mwalimu yeyote wa siku za mwisho, awe wa redioni, wa simu au wa kanisani, mwulize haya:

Je, anataja mwaka au siku?
Je, anawakataza watu hospitali, shule au chakula?
Je, anakutenga na mumeo, mkeo, wazazi wako, akisema hao ni wa dunia?
Je, anataka uuze shamba, na pesa zinapitia kwake?
Je, kuna mtu wa kumwuliza yeye maswali, au neno lake ndilo la mwisho?

Moja tu kati ya hayo likijibu vibaya, ondoka. Na usiondoke kimya. Mwambie mchungaji, mwambie mzee wa mtaa, mwambie polisi. Watoto hawawezi kuondoka wenyewe.

5. NA KAMA TUMEKOSEA?

Sasa nirudi kwa yule anayeogopa. Dada yangu, kaka yangu, hakuna hata mmoja kati ya mitazamo hii unaosema Mkristo hataumia. Hata sisi wa "kabla ya dhiki" hatusemi hivyo. Yesu katika Yohana 16:33 aliwaambia wanafunzi kwamba ulimwenguni watapata dhiki, na papo hapo akawatia moyo. Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014, watu wenye silaha waliingia kanisani Likoni wakaua waumini waliokuwa katika ibada. Tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Utamwambia mama wa mmoja wao kwamba dhiki bado?

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Tarajia unyakuo kana kwamba ni leo jioni. Na jenga imani ya kustahimili kana kwamba utakuwepo mpaka mwisho. Ukinyakuliwa mapema, maombi yako na ujasiri wako havikupotea. Na ukijikuta katikati ya moto, hutasema Mungu amenidanganya, kwa sababu imani yako haikusimama juu ya ratiba. Ilisimama juu ya Yesu. Hao watoto unaowahofia, Bwana aliyewalinda wale vijana watatu hakuwazuia wasiingie tanuru. Aliingia nao.

Angalia pia Paulo alivyowafanyia Wathesalonike. Walikuwa na maswali kama yetu. Wengine walihuzunikia ndugu waliokufa, wakidhani wamekosa. Wengine walitishwa na habari, hata na barua iliyodaiwa kuwa yake (2 Wathesalonike 2:2), kama zile meseji tunazotumiana usiku bila kujua nani kaziandika. Na wengine waliacha kazi kabisa. Kwa wa kwanza aliandika, akamaliza kwa kuwaambia wafarijiane kwa maneno hayo. Kwa wa pili alisema wasiyumbe upesi. Kwa wa tatu, soma 2 Wathesalonike 3:10–12, alisema wafanye kazi kwa utulivu wale chakula chao wenyewe.

Hapo ndipo pa kupimia. Somo la kurudi kwa Bwana likikuacha na faraja, na utulivu, na mikono inayofanya kazi, umelisikia vizuri. Likikuacha na hofu, ugomvi na uvivu, kuna mahali umelisikia vibaya, hata kama mistari yote unaijua kwa moyo.

Basi lipa karo ya watoto. Kunywa dawa zako za presha. Rudisha deni la chama. Panda hata mnazi ambao hutakula nazi zake. Majirani zetu Waislamu nao wanaamini Isa atarudi. Wakikuuliza tumaini lako, waeleze kwa upole, na wauone upole huo katika maisha yako. Na wewe wa "kabla" na wewe wa "baada", Jumapili kaeni benchi moja.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI
1. Soma 1 Wathesalonike 5:9 na Ufunuo 13:7. Je, kuna tofauti gani kati ya ghadhabu ya Mungu na mateso ya watakatifu?
2. Chagua mtazamo usio wako. Jaribu kuutetea kwa Biblia kwa dakika tano. Umejifunza nini?
3. Ni ujumbe gani wa siku za mwisho umewahi kutumiwa kwa simu? Uupime kwa yale maswali matano.
4. Kama Bwana akirudi wiki hii, ni kazi gani ungependa akukute unaifanya?

MAOMBI
Bwana Yesu, tunakungoja. Tulinde na walimu wanaotumia jina lako kuua. Wafariji waliozika wapendwa wao kwa sababu ya uongo. Sisi tusiojua saa, tupe kazi ya kufanya na upendo wa kuifanyia, mpaka utakapotokea. Amina.